Foleni Ife Leo

Karani wa mapokezi wa zahanati alikuwa na sera moja tu, na hata kwenye fulana isingependeza: dirisha la pili lifunguliwe saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na kila mgonjwa apewe kadi ya namba akiingia. Basi. Ukimwuliza baada ya hapo nini, anakujibu, "Baada ya hapo tutaangalia limesaidia kiasi gani."

Shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliitwa Kipaza, maana hajawahi kunong'ona tangu azaliwe. Yeye alikuwa na maneno matatu: Foleni Ife Leo! Loo! Yaliimbwa, yakachezwa, yakajaza kuta za mtaa mzima. Ukimwuliza itakufaje, wewe ni adui wa wananchi.

Familia moja, chama kimoja, tiketi moja ya udiwani. Mume wa karani, maskini, alitangaza wiki nzima kabla kwamba siku ya kura za maoni atakuwa na homa. Na kweli, siku ilipofika, akajifunika blanketi gubigubi.

Ukumbi wa tawi zamani ulikuwa ghala la magodoro, na bado ulikuwa na vumbi la kupigisha watu chafya. Desturi ya tawi hilo ni kwamba hakuna karatasi. Wanachama hupanga mstari nyuma ya mgombea wao, katibu anapita akigusa bega moja moja na kuhesabu.

"Haya, jipangeni," katibu akasema.

Watu wa karani wakajipanga. Arobaini na mmoja. Watu wa Kipaza wakaruka juu.

"Foleni tumeizika! Leo tujipange tena? Hatujipangi ng'o!"

Wakabaki kundi, wanacheza, wanahama huku na kule. Katibu alihesabu mara ya kwanza akapata thelathini na watano, mara ya pili hamsini na wawili, mara ya tatu akajihesabu na yeye mwenyewe. Kipaza jasho likamtoka. Angewaomba wapange mstari, lakini angeanzia wapi? Mdomo ulishaponza kichwa.

Katibu akafunga daftari. "Kanuni ni kanuni. Asiyehesabika hana kura. Kwa hiyo karani..."

Karani alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Na tiketi ile aliitaka jamani, tusidanganyane. Miaka minne ameandika barua kuhusu dirisha lile, na kila barua ikajibiwa kwamba imepokelewa. Lakini kwenye kundi lile aliwaona watu wake wa kila asubuhi: bibi wa presha, mchomeleaji mwenye jicho bovu, wale ambao saa za kazi zikiisha hurudi nyumbani bila kuonwa na daktari. Moyo ukamuuma. Leo tena warudi bila kuhesabiwa, na safari hii kwa faida yake yeye?

"Subiri, katibu," akasema, na kutoa mkobani kadi zake za namba. "Mtu mmoja, kadi moja. Mnaotaka kucheza, chezeni tu."

Dakika tano hazikuisha. Kadi ya mwisho ilimwangukia bibi wa presha: arobaini na tatu.

Kwa kura mbili, na kwa kadi zake mwenyewe, karani akabwagwa. Machozi yakamlenga, akajifanya anatafuta kalamu mkobani. Kipaza alikwishashika kipaza sauti akitaka kushukuru, lakini bibi akamtangulia.

"Mwanangu," bibi akasema, akimgeukia karani na kuinua kadi yake, "kumbe ni rahisi hivi? Sasa kule zahanati mtaanza lini?"

Kundi zima likageuka pamoja naye, likamsubiri karani ajibu. Kipaza akatazama kipaza sauti, akatazama mgongo wa watu wake. Akakiweka chini taratibu, akamsogelea karani, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akanong'ona.

"Shemeji, hivi lile dirisha la pili linafunguliwaje?"

Karani akapenga kamasi kwanza.

"Barua ninayo, ukishinda udiwani utaitia sahihi," akasema. "Kesho njoo zahanati uone mwenyewe, saa kumi na mbili na nusu. Na ukifika, simama nyuma ya waliokutangulia."