Mkalimani Hasemi Lake

Meneja mpya wa vipindi alinionyesha kwa penseli mahali nitakapokuwa nikisimama. Alichora mraba wa televisheni, halafu kwenye kona ya chini akachora kiduara kidogo, ukubwa wa kifungo cha shati. "Wewe hapa," akasema, na tabasamu kama la mtu aliyenigawia kiwanja.

Nilimkodolea macho. Miaka kumi na tisa nimesimama katikati ya studio, bega kwa bega na mtangazaji wetu, mtu mzima ambaye watoto wote wanamwita Mjomba. Yeye anasema kwa mdomo, mimi nasema kwa mikono, kwa ajili ya watoto viziwi. Mtayarishaji wa kwanza, mama mmoja mkali kweli kweli, ndiye aliyeniweka pale. Alisema mtoto asiyesikia hana kosa lolote la kumfanya atafute lugha yake pembeni. Toka siku hiyo sijasogea, labda kupisha meza tu.

"Vidole vyangu vitaonekana?" nikamwuliza.

"Kwenye televisheni kubwa, ndiyo."

"Na kwenye ile ya nyumbani kwangu, ambayo tunaipiga kofi ndiyo iwake?"

Akakohoa, akaendelea na mabadiliko yake. Studio yetu ya chini, yenye zulia na mabenchi ya watoto, wanapewa watu wa michezo. Sisi tunapanda juu, kwenye chumba chenye ukuta wa kijani ambacho wakiingia watu watatu na kamera, wa nne asubiri nje. Na siku inabadilika. Si Jumamosi saa tatu asubuhi tena, ni Jumanne saa nne.

"Jumanne saa nne watoto wako shule," nikasema.

"Watatazama marudio kwenye simu."

"Simu ya nani?"

"Mama yangu," akasema kwa ile sauti ya kumbembeleza mgonjwa, "hata hicho kiduara ni cha muda. Mwezi ujao tunaweka maandishi chini, kila neno. Wewe utapumzika."

Hapo hasira zikanipanda mpaka masikio yakaziba. Maandishi! Kipindi ni cha watoto wa miaka mitatu mpaka sita. Kinafundisha a, e, i, o, u! Nikamwambia, mwanangu, hao unaotaka kuwaandikia hawajui kusoma. Akasema wazazi watawasomea. Nikamwuliza mzazi atamsomeaje mtoto asiyesikia. Akatazama saa yake, akasema uamuzi umeshapita na Jumamosi hii ndiyo ya mwisho kwa utaratibu wa zamani.

Sasa nikwambie kwa nini liliniuma hivyo. Nina mjukuu wa miaka mitano, mtoto wa binti yangu, alizaliwa hasikii. Kila Jumamosi anakaa kitako mbele ya televisheni, pua karibu iguse kioo, na nikirudi nyumbani ananisimulia kipindi chote kana kwamba mimi sikuwepo. Anajua nani kamchokoza nani, na anacheka mpaka anashika tumbo. Siku sita zilizobaki, watu wa kwenye kioo wanafumbua na kufumba midomo tu, naye anatoka kucheza peke yake uani. Huyo ndiye aliyekuwa ananyang'anywa Jumamosi yake. Sitaki kujitia ushujaa: nisingekuwa na mjukuu huyu, labda ningenyamaza.

Kazi yetu ina sheria moja kubwa. Mkalimani hasemi lake. Mjomba akikosea, nakosea naye. Akipiga chafya, napiga chafya. Miaka yote hiyo sijaongeza neno langu hata moja. Na katika jengo lile zima, kuanzia wapiga kamera mpaka mwongozaji aliyekaa nyuma ya kioo, hakuna anayejua lugha ya alama zaidi ya kuniomba chai.

Jumamosi ikafika, tukaingia hewani moja kwa moja. Mjomba, macho mekundu kwa huzuni, akaanzisha wimbo wa kunawa mikono. Una beti tatu. Ubeti wa kwanza nikanawa. Ubeti wa pili nikapiga moyo konde.

"Watoto," nikasema kwa mikono, tabasamu lile lile usoni, "waiteni wakubwa, upesi. Leo ni mwisho. Wananipeleka kwenye kona, kisha wananitoa kabisa, na Jumamosi wanaifuta. Asiyetaka aje kwenye geti la kituo Jumatatu, saa mbili asubuhi. Narudia: Jumatatu, saa mbili."

Ubeti wa tatu nikanawa tena kama kawaida. Mwongozaji akaniinulia dole gumba kupitia kile kioo chake: kazi nzuri, mama.

Nilipofika nyumbani, mjukuu wangu alinidaka mlangoni. Siku hiyo hakunisimulia kipindi. Aliuliza, "Jumatatu nivae viatu gani?"

Jumatatu tulifika mapema, na njiani nilikuwa nimeshajiandaa kwa aibu ya kusimama pale bibi na mjukuu, wawili peke yetu. Lo! Mtaa ulikuwa umejaa. Kumbe watazamaji hawakuwa watoto tu. Viziwi watu wazima nao walikuwa wakikaa na kipindi cha kufundisha a, e, i, o, u, maana ndicho pekee walichokielewa mwanzo hadi mwisho. Alikuja fundi cherehani na futi yake shingoni, wakaja mafundi gari na ovaroli zao, wakaja wanafunzi na mwalimu wao, kama watu mia mbili hivi, na hakuna sauti. Mlinzi wa geti akanijia amechanganyikiwa. "Mama, mimi nimeambiwa niwatawanye wanaopiga kelele. Hawa nitawafanyaje?"

Meneja akatoka, tai imekwenda upande.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi."

"Umetumia kipindi changu kuchochea watu!"

"Kipindi chao."

"Nitakufukuza kazi."

"Nifukuze. Lakini leo utaongea nao kwa mdomo wa nani?"

Akatazama zile nyuso mia mbili zilizomgeukia. "Haya, waambie tutaliangalia suala lao. Warudi nyumbani."

Nikawaambia neno kwa neno, hata ule uvivu wa sauti yake nikauweka usoni. Fundi cherehani akakaa chini, katikati ya barabara. Mafundi gari wakakaa. Mtaa mzima ukakaa.

"Umewaambia nini?"

"Ulichosema."

"Mbona sasa wanakaa?"

"Ndiyo maana wanakaa."

Mjukuu wangu akajitoa kwenye kundi, akasimama mbele ya yule bwana mrefu, akaanza kusema. Nikatafsiri: "Anasema, mtoe bibi kwenye kona. Jumamosi nataka kumwona mkubwa."

Meneja akacheka kicheko cha hasira. "Kasema yeye, au umesema wewe?"

Hilo lilinichoma, tena lilinichoma kwa sababu alikuwa na haki nalo. Mimi si nilisema langu hewani? Mkalimani akishafanya hivyo mara moja, atasadikiwa vipi tena?

Akachomoa kalamu na karatasi mfukoni, akainama, akamkabidhi mtoto. "Andika mwenyewe, tuone."

Mjukuu wangu akaishika kalamu kwa ngumi. Akaigeuza karatasi upande wa pili, akaona nako hakuna kitu. Akanitazama. "Nichore nini?" akaniuliza kwa mkono mmoja.

Meneja alikuwa bado anasubiri. "Mbona haandiki?"

"Ana miaka mitano," nikasema. "Hajui kusoma wala kuandika."

Akabaki ameinama vile vile. Naapa, niliuona uso wake unavyobadilika. Hakuna aliyemcheka, maana kila mtu pale alijua ni nini anachokielewa sasa, nao walikuwa wamekijua tangu utotoni.

Akaichukua kalamu yake taratibu. Halafu akatenganisha viganja vyake, upana wa sahani, akimtazama mtoto usoni. Mkubwa hivi?

Mjukuu wangu akatikisa kichwa. Akamshika mikono, akaipanua. Akarudi nyuma kidogo kupima, hakuridhika, akaenda kuipanua tena, mpaka yule bwana akawa amesimama kama fundi anayepima mlango.

"Haya," meneja akasema, mikono bado iko hewani. "Studio itakuwa ile ya juu, hiyo siwezi kuibadilisha. Lakini atasimama katikati. Na Jumamosi inabaki."

Nilitafsiri kabla hajavuta pumzi nyingine. Mikono yote ikapanda juu kwa pamoja, mtaa mzima, vidole vinatikisika. Meneja akaruka hatua nyuma.

"Wanafanya nini?"

"Wanakupigia makofi," nikamwambia. "Sasa thubutu kugeuza maneno."