Namba za Simu Haziruhusiwi

…eti lina hisia, anasema lina hisia, amesimama nyuma yangu na mkono wake juu ya kiti changu, mhariri wa tovuti ya gazeti, mkuu wangu, "Dada, hilo la Mzalendo Halisi lipandishe juu kabisa, liwe Maoni ya Siku, watu elfu mbili na mia tatu wamelipenda," kama mtu anayechagua tikiti sokoni, na mimi nimeshika kipanya na sibofyi, nimelisoma mara tatu, huyo msomaji anayejiita Mzalendo Halisi anataka wale watu wote wa jamii inayosingiziwa bomu wakusanywe na nyumba zao zitiwe moto, mtoto wa nyoka ni nyoka, ndiyo hisia hiyo, jana saa kumi jioni bomu limelipuka stesheni ya treni, watu thelathini na mmoja wamekufa, wengine hadi asubuhi hii hawajulikani walipo, na sisi tumekaa hapa tunapima hisia kama viazi… "Amesema watu wachomwe, mkuu," "Hakumtaja mtu, soma kanuni," naam, kanuni, nilizibandika mwenyewe ukutani, ya kwanza, usimtukane mtu kwa jina, kwa sababu mtu mmoja ana wakili, kumtukana mmoja ni kesi, kuwatukana laki tano ni maoni, na kazi yangu ndiyo hiyo, kila anachoandika msomaji chini ya habari kinapita kwangu kwanza, kitufe cha kijani nipitishe, chekundu nifute, elfu nne na mia sita tangu jana, macho yamekuwa pilipili, nimekuwa bawabu anayemkaribisha mwenye panga kwa sababu amefunga tai vizuri… na fundi redio wa ghorofa ya chini ni mtu wa wale wale, juzi tu amenitengenezea waya wa chaja, akasema shemeji, simu yako inakula kuliko mume wako, nikacheka hadi kwenye ngazi, leo hakufungua, kwenye mlango wake wa bati mtu ameandika neno moja kwa rangi nyekundu, na mimi nalijua neno hilo, nililipitisha jana, halikuwa na jina la mtu… "Unangoja nini, dada?" "Natazama yaliyofutwa, mkuu, huenda kuna lililo bora," uongo mtupu, nataka tu dakika mbili nisimsikie, nimefungua kapu la taka, matusi ya nguoni, matusi ya mama, na katikati ya matusi nimeona msomaji anayejiita Fundi Cherehani, tena Fundi Cherehani, mara nne, na pembeni jina la aliyefuta ni langu, mara zote nne, na sikumbuki hata moja…

la kwanza ni refu, la jana saa kumi na mbili jioni, "Natafuta binti yangu, alikuwa stesheni bomu lilipolipuka, ni kitinda mimba wetu, amevaa sweta ya kijani, kifungo cha tatu hakifanani na vingine, nilikishona mwenyewe kwa uzi mweusi, atakayemwona anipigie," kisha namba, na kanuni ya nne inasema namba za simu haziruhusiwi, tuliiweka kwa ajili ya waganga wa mapenzi na wauza dawa za kunenepesha, basi nikaona namba, nikabofya chekundu, mashine ikamjibu maoni yako yamekataliwa kwa kukiuka kanuni, haikumwambia ipi, hatusemagi ipi, tunaona uvivu, na yeye akakaa mahali fulani akafikiri kosa ni nini, la pili ametoa neno bomu, akadhani ndilo baya, la tatu ametoa stesheni, ametoa na sweta, ameanza na samahani wahariri, mimi si msomi sana, naomba mnielekeze neno gani nilitoe, na la nne, la leo alfajiri, limebaki maneno mawili, "Natafuta binti," na namba, amekata na kukata kama mtu aliyepewa kipimo kibaya, akaacha kile kimoja tu tulichokuwa tunakikataa… na mama yangu alichambua barua posta miaka ishirini na sita, yenye anwani mbovu alirudi nayo mkobani, akaiweka mezani kando ya sahani, mnadhani hapa ameandika nini, wanangu, siku moja nikamwambia itupe tu, mama, huyu hajui kuandika, akanitazama hadi nikaacha kutafuna, "Hajui kuandika, ila ana mtu anayemngoja," akasema, akaendelea kula… na mimi najua kuandika, nina shahada nzima ya kuandika, tangu jana nimemkasirikia Mzalendo, nimemkasirikia huyu aliye nyuma yangu, nimezikasirikia kanuni, na kidole muda wote kilikuwa changu, hakuna aliyekishika… nimebofya, lile la kwanza, refu, na bomu lake na sweta yake na namba yote, nimelipandisha juu kabisa, na Mzalendo nimempa chekundu, "Silo hilo, dada," "Ndilo," "Lina namba ya simu," "Naiona," "Unajua hii ni barua ya onyo," "Iandike, mkuu," mkono wake haujatoka kwenye kiti, nausikia unavyokaza, na mimi nimevuta simu ya mezani, nabonyeza namba moja moja nisikosee, na simu haikumaliza hata mlio mmoja, sauti ya mzee, "Halo, mmemwona?" hakuuliza ni nani, nyuma yake watu wanaitana, vitanda vya magurudumu, korido ya hospitali labda, "Shikamoo, baba, hapa ni gazetini, bado hatujamwona, ila tangazo lako sasa liko juu, watu wanalisoma," nangoja anitukane, namwomba Mungu anitukane, "Ahsante, mwanangu, ahsanteni sana," anasema, "kumbe kosa lilikuwa neno gani?" na mkuu anainama asikie, na mimi nasema, "Hapakuwa na neno baya, baba. Nilikuwa nakufuta mimi."