Kodiani Iliyowataja Majirani

Saa nne asubuhi, mwezi wa Agosti 2019, fundi Théodore alikuwa akibandika ngozi kwenye kodiani ya Msotho mmoja, chumbani kwake Troyeville, mtaa wa wahamiaji kusini mwa Afrika, pale kodiani nyingine iliyokuwa juu ya kabati ilipoanza kujipiga. Aliifunika blanketi ili isimchanganye, akaendelea na kazi.

Kodiani hiyo ilikuwa imekuja ndani ya kreti la vyombo vya muziki vya kanisa kutoka Texas. Wiki ya kwanza ilipiga polka tu, muziki wa dansi wa haraka, kama wakulima wa Kijerumani na Kicheki walioihamishia huko karne ya kumi na tisa. Wiki ya pili polka ikapunguza mwendo, likasikika gitaa zito la nyuzi kumi na mbili, ingawa chumbani hamkuwa na gitaa. Wameksiko wa Texas walikuwa wameuchukua muziki wa jirani na kuufanya wao. Zikafuata saksafoni, kisha kinanda cha umeme, na muziki ukawa ule unaoitwa Tejano. Zuhura, mshonaji kutoka Tanga aliyepanga chumba cha pili, aliupenda. Marehemu baba yake alipiga kodiani kwenye taarabu.

Wiki ya tano kodiani ikarudi kwenye nyimbo za visa vya zamani: watu waliofukuzwa kwenye ardhi yao, walionyongwa bila kesi, kila mmoja kwa jina, siku na saa. Hizo iliziimba kwa sauti ya mtu, kwa Kihispania. Jumatatu iliyofuata ikaimba Kiswahili.

"Fundi, inamtaja Salum," alisema Zuhura. Salum alikuwa mdogo wake, muuza viatu mtaa wa chini.

"Ndiyo, mama. Bale batu ba kufukuza bageni banakuya Jumatano, saa ine. Banamupiga ku mulango," alisema Théodore kwa Kiswahili cha kwao Kongo.

Salum aliitwa, akasikiliza hadi mwisho.

"Imesema nakufa, dada?"

"Ubeti haujaisha."

Wote watatu waliipeleka kodiani kituo cha polisi. Askari wa zamu aliusikiliza wimbo huku akitikisa mguu, akaandika jina la fundi, akawaeleza kwamba faili hufunguliwa jambo likishatokea.

Jumatano Zuhura alimfungia Salum ndani. Salum akatoka kwa kupitia dirishani. "Nashusha shata la duka tu, narudi," alisema. Saa nne wakaja watu wenye marungu na petroli, wakiimba kwamba wageni warudi kwao. Walimkuta mlangoni pa duka. Alikata roho kabla gari la wagonjwa halijafika. Juu ya kabati la Théodore, kodiani ilimalizia ubeti.

Alhamisi askari walikuja kumuuliza fundi alijuaje. Aliwajibu kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyewapelekea habari. Waliliandika hilo pia, wakaomba karatasi zake za ukimbizi, ambazo muda wake ulikwisha Jumanne, wakaondoka naye. Hakukamatwa mtu mwingine.

Zuhura aliihamishia kodiani chumbani kwake. Sasa kila saa nne huzima cherehani, akasikiliza, kisha akachukua simu ampigie aliyetajwa. Wiki iliyopita alimpigia Brigitte, Mkongo mwenye saluni mtaa wa Bertrams.

"Brigitte, wewe ni Ijumaa."

"Eish, ma Zuhura. Ijumaa niko na mabibi-arusi tatu."

Brigitte aliiweka simu mezani bila kuikata. Halafu Zuhura akasikia, kwenye simu, vioo vya saluni vikishushwa ukutani kimoja kimoja.