Chupa ya Syrah na Mstari Mwekundu

Kaka yangu ana pua, mimi nina mdomo. Ndivyo shangazi alivyotugawia kazi mkahawani kwake: kaka mvinyo na wageni, mimi jiko. Siku tuliyogombana juu ya mchuzi mpaka mteja akakimbia na kitambaa cha meza shingoni, shangazi alichukua brashi ya rangi, akapiga mstari mwekundu kwenye mlango wa jikoni. "Wewe huku, wewe kule. Atakayevuka, atanitambua." Tangu hapo sahani zikawa zinapita dirishani, kati ya jiko na ukumbi, na maneno makali yanapita humohumo.

Shangazi tunamwita Bi Kizibo, maana mfuko wa aproni yake haukosi vizibo vya chupa. Jumatatu moja, mkahawa umefungwa, alituita akasema miguu imemgomea, anataka kupumzika. Kuna bwana mmoja anataka jengo, afungue duka la viatu.

"Lakini mkiniandalia meza moja nyinyi wawili," alisema, "mvinyo mmoja, sahani moja, vikapatana mdomoni mwangu, mkahawa ni wenu. Mkishindwa, ni viatu." Akaweka mezani chupa ya Syrah, mvinyo mwekundu, iliyojaa vumbi, aliyoihifadhi tangu mwaka alipofungua mkahawa.

Viatu! Jiko nililojifunzia kukata kitunguu bila kulia, watu waje kujaribia ndala? Nilishikwa na hofu, na mimi nikiogopa huwa nakasirika.

Kaka aliisimamisha chupa kabatini kwake hadi kesho yake, mashapo yatulie chini. Kisha akaja dirishani. "Mdogo wangu, mvinyo huu mzee. Upikie kitu cha upole."

"Nimepikia Syrah mara ngapi mimi? Mvinyo mbabe huo, unataka nyama mbabe mwenzake."

"Hiyo ni Syrah changa. Hii imeshatulia. Njoo basi hata uinuse."

"Kaka, nani mpishi hapa?"

Nikafunga dirisha. Sikio la kufa halisikii dawa, na langu lilikuwa limeshachagua sanda.

Nikachukua mbavu za ng'ombe, nikazipaka pilipili manga, haradali, na kitunguu saumu cha kumfukuza mdai. Nikazichoma mpaka zikawa nyeusi pembeni. Kwenye jiko la nyuma ilikuwepo sufuria ya chakula chetu cha mchana: bega la kondoo na uyoga, linachemka taratibu tangu asubuhi, chumvi kidogo, bila pilipili hata chembe. Kaka ana vidonda vya tumbo. Kila siku hulalamika kwamba chakula kimepooza, na kila siku hukimaliza.

Saa ya kula ilipofika, kaka aliwasha mshumaa nyuma ya shingo ya chupa, akamimina polepole kwenye jagi, akakoma alipoyaona mashapo yakianza kusogea. Mimi nilikuwa nachungulia dirishani. Shangazi alinusa, akatabasamu kama msichana. Akakata nyama, akatafuna, akanywa tena. Tabasamu likafa.

"Mvinyo umekwenda wapi?" aliuliza. "Sasa hivi nilikuwa nao. Nyama hii imeumeza wote." Akasukuma sahani. "Basi wanangu. Nampigia bwana wa viatu."

Jamani, ndala jikoni mwangu!

"Shangazi, subiri kidogo," kaka alisema. Akachukua glasi, akaja mpaka mlangoni, akautazama mstari mwekundu, akauvuka. Shangazi alikodoa macho. Kaka akaniwekea glasi mkononi. "Onja. Halafu unitukane."

Nikaonja. Lo! Ubabe wote ulikuwa umekwisha. Palikuwa na zabibu kavu, ngozi ya mkoba wa zamani, moshi wa mbali, na harufu ya ardhi baada ya mvua. Pilipili manga ilikuwepo, lakini kwa mbali sana.

"Haya, mpishi?" kaka aliuliza.

Nikageuka, nikafunua sufuria ya nyuma.

"Hicho chakula changu," alinong'ona.

"Leo utashinda njaa. Shika huku!"

Tukaibeba sufuria wawili, yeye sikio hili, mimi lile, tukavuka mstari pamoja. Shangazi alikula kijiko kimoja, akanywa. Akafumba macho. Akala tena, akanywa tena, mpaka akachukua mkate akafuta sahani ikang'aa.

"Umepika hiki kwa ajili ya mvinyo?"

"Hapana, shangazi. Kwa ajili yake yeye. Tumbo lake halitaki pilipili."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Kaka alinigeukia, mdomo wazi. "Miaka yote hii nilidhani unanikomoa!"

"Nikukomoe kwa kondoo, mimi mwendawazimu?"

Alicheka, halafu macho yakamjaa machozi, akajifanya anazima mshumaa. Mimi nililia waziwazi, sina aibu.

Shangazi alipekua mfuko wake, akatoa ufunguo katikati ya vizibo, akauweka mezani. "Upo mmoja tu. Mtajuana."

"Shika wewe, mkubwa," nilimwambia kaka.

"Sishiki. Shika wewe, mwenye jiko."

"Nimesema shika!"

"Na mimi nimesema sitaki!"

Tukaanza upya, sauti mpaka barabarani. Shangazi akajimiminia glasi ya mwisho, akajiegemeza kitini, akasema sasa anaweza kupumzika.