Uzi Mwekundu kwenye Maji ya Rehani

Mwaka jana Ridhwani alikuwa fundi wa friji, na kila friji aliyoishika pale Mkomani haikuamka tena. Mwaka huu akawa tabibu. Watu walishukuru kwamba friji zimepona. Wagonjwa hawakuulizwa.

Dawa yake ilikuwa moja, maji ya rehani. Mrehani uko karibu katika kila ua wa nyumba: majani madogo, kiua cha zambarau, ukiugusa tu harufu inakufuata mpaka mlangoni. Wanawake huyafunga majani yake na asmini, yakawa kikuba cha kubandika kifuani siku ya harusi. Wazungu wa Shela huyatia kwenye mchuzi wa nyanya. Ridhwani aliona wote hao wamelala. Kwake yeye rehani ilishusha presha, ikafukuza sukari, ikanyoosha magoti na kurudisha waume waliotorokea Malindi.

Bi Hadia, mama yake Nusra, aliamini yote isipokuwa hilo la waume. Presha yake ilikuwa ya kutisha, na hii ilikuwa wiki ya pili hajagusa vidonge. Macho yalikuwa yameanza kumwonyesha nyota mchana. Nusra alimwomba, akachoka. Nesi Kagendo naye akaja.

"Bi Hadia, rehani ni jani zuri. Tia kwenye mchuzi, linasaidia hata gesi tumboni. Lakini vidonge usiache, utaanguka."

Nesi alipotoka, Bi Hadia akabetua mdomo. "Mtu wa bara huyo, rehani ataijulia wapi? Kwao ni sukuma wiki asubuhi na jioni."

Nusra akarudia uzi na asmini zake. Kazi yake ilikuwa kufunga vikuba, na mtu aliyekwisha kufunga vikuba mia kwa harusi moja amezoea kutazama na kunusa.

Jumamosi Ridhwani alileta chupa mpya, akaketi akiisifu mbele ya Bi Khairiya, dada yake Bi Hadia. Nusra akamimina kwenye gilasi. Harufu ikamsimamisha. Rehani, ndiyo. Lakini nyuma yake kulikuwa na asmini, na kwa mbali udi. Kisha akaona kitu chekundu kikielea.

"Bwana Ridhwani, majani haya umeyachuma wapi?"

"Shambani kwangu, Manda. Alfajiri, kwa bismillahi, jua halijayagusa."

"Na huko Manda mirehani huota na nyuzi?"

Akauvuta uzi mwekundu kwa vidole viwili. Mwishoni ulikuwa na fundo la mizunguko mitatu, fundo lake mwenyewe.

"Hiki nilikifunga mimi, mama. Kikuba cha harusi ya Sundus, juzi Alhamisi."

Bi Khairiya akajishika kifua. "Yallah! Vyetu tuliviacha kwenye mkeka, tumechoka. Nasikia akaja mtu na gunia, akasema anachukulia mbuzi wake!"

"Nawe ulicheza mpaka saa ngapi?" Bi Hadia akauliza.

"Mpaka leso ikakamulika, dada."

Bi Hadia akaitazama gilasi, akakitazama kifua cha dada yake, akairudia gilasi.

"Na chupa ya wiki iliyopita? Ilikuwa harusi ya nani?"

"Ile ya kijijini Mbwajumali," Nusra akasema. "Siku ile ya joto kali."

Ridhwani alikuwa amekwisha kusimama. "Jani, Bi Hadia, nguvu zake haziondoki kwa kuvaliwa. Tena jasho la furaha..."

"Shuka tini! Toka, kabla sijakutia wewe kwenye chupa!"

Akazishuka ngazi kwa magoti yaliyonyooka kweli kweli.

"Nusra, kopo langu la vidonge. Na maji matupu, uyachote mbele ya mato yangu."

Akameza, akafumba macho, akameza tena mate. "Kesho mwite yule nesi aje anipime. Sababu usimwambie."

Bi Khairiya alikuwa bado anafikiri.

"Lakini dada," akasema kwa uchungu, "presha haikushuka hata kidogo? Mimi nilicheza kwa nguvu zangu zote!"