Klachi ya Ilyas

Gari aliloliacha Ilyas lilifungwa klachi ya magari ya mashindano, na dada yake Bushra alikuwa na asubuhi hiyo moja tu ya kujifunza kuliendesha. Baba yao alikuwa amelazwa kiti cha nyuma, tumbo likimkata. Alitaka akafie kwao, kisiwani Chula, na boti ingeondoka Kismayu kabla maji hayajakupwa.

Bushra aliinua mguu polepole, kama mtu anayelegeza kamba ya nanga. Gari likatetemeka, likazimika. Akajaribu tena, likazimika vilevile.

"Unabembeleza mtoto?" alifoka Ami Jamali, aliyeketi kando yake. Yeye ndiye angeendesha, lakini mguu wake wa kushoto ulikatwa zamani. "Klachi hii haina nusu. Kanyaga mafuta, uachie mara moja!"

"Litaruka, Ami. Baba ataumia."

Sauti nyembamba ikatoka nyuma: "Niumize, mwanangu. Nifikishe."

Bushra akasema bismillahi, akakanyaga mafuta, akaachia. Gari likaruka. Baba akapiga ukelele mmoja. Bushra hakugeuka, alitia gia ya pili, akashika njia ya bandarini.