Usafi wa Kila Ijumaa

Meneja alikuwa mtu msafi, tumshukuru Mungu. Kila Ijumaa aliingia kwenye kompyuta kuu ya ofisi na kufuta faili lolote ambalo halijafunguliwa kwa miezi mitatu. Wafanyakazi walimwita Fagio, akishageuka. Fundi wa kompyuta, ambaye dada yake ndiye mke wa huyo Fagio, alimwonya mpaka akachoka. Sikio la kufa halisikii dawa.

Jumatatu asubuhi fundi aliizima kompyuta hiyo abadilishe feni iliyokuwa ikikoroma, kisha akaiwasha. Haikuwa imezimwa kwa mwaka mzima. Mtandao ukagoma, ofisi nzima ikasimama.

"Umeigusa wewe, imekufa," Meneja alisema mbele ya watu, saa tatu kamili. "Ikifika saa sita haijapona, huna kazi. Hapa hakuna cha ushemeji."

Fundi akasoma kumbukumbu za mashine. Kadi ya mtandao huamka haijui kitu. Kila kompyuta inapowashwa, kiini cha mfumo, ile programu inayoendesha mashine, huenda kwenye folda maalumu, huchukua faili la maelekezo na kuilisha kadi. Kiini kilikuwa kimekwenda, maskini. Kilikuta folda imefagiliwa ikafagilika.

"Hilo faili ulilifuta wewe, shemeji."

"Folda hiyo niliisafisha miezi mitano iliyopita! Mbona Ijumaa mtandao ulikuwepo? Usinisingizie."

"Kadi ilikuwa imeshashiba. Inakula mara moja tu, ikiwashwa."

"Eti kadi inakula!" Meneja akawageukia wafanyakazi, nao wakacheka kwa utiifu.

Fundi aliumia, tena sana. Alinakili faili kama lile kutoka kwenye laptop yake, akaliweka kwenye folda, akaiwasha mashine upya. Kiini kikatafuta, kikapata, taa ya kadi ikawaka kijani. Ilikuwa saa tano na nusu. Watu wakapiga makofi, hata Meneja akapiga mawili matatu kama anayeua mbu.

Barua pepe zilizokwama tangu asubuhi zikaanza kutoka. Ya kwanza ilikuwa ya Meneja, ameiandika saa tatu na dakika tano: fundi ameachishwa kazi kuanzia leo kwa kuharibu mtandao. Nakala kwa wafanyakazi wote.

Simu zikalia chumba kizima. Makofi yakafa.

"Imefika, shemeji," fundi alisema. "Mtandao uko sawa."